Ukipangiwa getini AFCON 2027, usinung'unike

Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, vijana wengi wamekuwa wakiniuliza namna ya kupata kazi kwenye mashindano hayo. Kila mmoja ana mahali anapopatamani. Huyu anataka kukaa karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, yule anataka kupanda basi la timu, mwingine anataka chumba cha waandishi wa habari. Sijapata hata mmoja aliyesema anaomba getini. Mimi nimefanya kazi getini kwenye mechi kubwa pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ikiwemo michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ile ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na kama wewe ni mdogo wangu unayejiandaa kuomba nafasi, naomba unisikilize kabla hujaandika kwamba getini hutaki.

Nianze na linalowakatisha watu tamaa. Mechi hutaiona. Agosti 2, Taifa Stars ilipofungua CHAN dhidi ya Burkina Faso, penalti ya Sopu na bao la Tshabalala nilivijua kwa kishindo kilichotoka ndani. Uwanja ule unaingiza watu 60,000, na ukilipuka, zege lenyewe unalisikia linatetema. Ukiwa nje, mgongo umeuelekezea uwanja na macho yako yapo kwenye foleni. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kelele ile ya furaha ndiyo dakika ya hatari kuliko zote kwako. Waliobaki nje wakisikia goli, wa nyuma wanasukuma. Hawasukumi kwa ubaya. Wamelipa, wamekwama kwenye magari tangu Tazara, na sasa wanasikia wenzao wanashangilia kitu ambacho wao wamekikosa. Wimbo wa taifa unafanya hivyohivyo. Kwa hiyo ukisikia nyimbo zinaanza, au ukisikia kishindo, usigeuke kuangalia. Sogea karibu na foleni yako na uanze kuzungumza na watu.

Kwa nini nalitilia mkazo hivi? Kwa sababu watu wanafia kwenye milango ya viwanja, na wengine wamefia hapahapa kwetu. Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Uwanja huo upo jirani kabisa na Mkapa. Ukitoka huku unauona ule. Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia katika msongamano Uwanja wa Mkapa. Januari 24, 2022, kwenye AFCON ya Cameroon, watu wanane walikufa katika lango la kusini la Uwanja wa Olembe, Yaoundé, kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro. Wote hao walitoka nyumbani wakiwa wazima, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kosa la mchezaji au la mwamuzi. Ndiyo maana nakuambia kwamba kazi ya geti ni kubwa kuliko ya kumpokea nahodha wa timu yoyote.

Sasa elewa msongamano unavyoua, maana wengi wanadhani watu hufa kwa kukanyagwa tu. Wengi hukosa pumzi wakiwa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma mpaka mapafu hayawezi kutanuka. Wataalamu wa mikusanyiko wanasema watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea na kujigeuza. Wakifika sita au saba, mtu mmoja mmoja hana tena uamuzi wa miguu yake. Umati mzima unayumba kama maji kwenye beseni, na aliye katikati anabebwa. Ubaya ni kwamba aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Anaona nafasi ndogo imepatikana, anaijaza.

Huwezi kupima mita za mraba kwa macho huku watu wanakupigia kelele, kwa hiyo angalia mikono. Mtu akishindwa kuinua mkono kukuonyesha tiketi yake, foleni hiyo imeshabana kupita kiasi. Angalia pia nyuso: watu wanaoinua kidevu juu wakitafuta hewa, watu waliokuwa wanaimba wakanyamaza ghafla, watoto wanaoinuliwa mabegani na watu wasiowafahamu. Ukiona kichwa kimoja kikisogea pembeni na vichwa ishirini vikakifuata kwa pamoja bila hatua kupigwa, hiyo ndiyo ile yumbayumba niliyoisema. Usisubiri mtu alie. Ita mkuu wako wa zamu papo hapo.

Na hapa kwenye kuita ndipo vijana wengi wanapokwama, maana wanapiga kelele redioni: "Huku kumechafuka! Huku kumechafuka!" Chumba cha uongozi hakijui huku ni wapi. Jizoeze kusema mambo manne kwa mpangilio: geti lako, unachokiona, kinaelekea wapi, unachohitaji. "Geti la nne, foleni ya wanawake imebana, mikono haiinuki, wanaongezeka kutoka upande wa barabara, naomba wa nyuma wasimamishwe." Sentensi hiyo inachukua sekunde chache na inaweza kuokoa maisha. Ifanyie mazoezi nyumbani mpaka itoke bila kufikiri, kwa sababu siku yenyewe moyo utakuwa unadunda.

Nimesema wa nyuma wasimamishwe, na hilo lina maana yake. Msongamano wa getini hautibiwi getini peke yake. Ukiwaambia walio mbele warudi nyuma, hawawezi. Hawana pa kurudi. Dawa ipo mwisho wa foleni, ambako askari na wasimamizi wanaweza kuwazuia wanaoendelea kufika. Ndiyo maana mashindano makubwa huwa na duara la kwanza la ukaguzi mbali na uwanja, ambapo mtu anaonyesha tu kwamba ana tiketi, halafu upekuzi, halafu geti lenyewe. Wasio na tiketi wakipita duara la kwanza, kazi ya geti inakuwa ngumu mara mbili, kwa sababu mtu aliyefika getini bila tiketi hana haraka ya kuondoka na amesimama kwenye nafasi ya mwenye tiketi. Wakati wa CHAN hiyo, Uwanja wa Kasarani, Nairobi, uliwekewa masharti: CAF ilipunguza watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia na kutaka tiketi za kielektroniki tu, baada ya watu wasio na tiketi kulazimisha kuingia katika mechi za kabla. Maelfu ya Wakenya waliokuwa tayari kununua tiketi kihalali walikosa nafasi ya kuiona timu yao nyumbani. Nawahurumia mpaka leo.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila anayekaa getini anapaswa kuwa nayo kichwani. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unakadiria kwamba geti moja la kuzunguka lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha juu, mambo yote yakienda sawa. Kwetu mtu anafika anatafuta kadi, simu imezima, mkoba una mifuko saba, na upekuzi unafanyika palepale. Hata ukichukua kiwango hicho cha juu, mageti kumi yanahitaji zaidi kidogo ya saa tatu kupitisha watu 20,000. Sasa mashabiki 20,000 wakiamua kufika dakika arobaini kabla ya mpira kuanza, hakuna ubingwa wa mtu yeyote utakaowaingiza wote kwa wakati. Mechi ile ya ufunguzi ilianza saa mbili usiku, na waliofika jioni mapema waliingia kwa raha zao. Waambie ndugu zako, waambie majirani, andika kwenye makundi ya WhatsApp: tiketi ya mkononi haina faida kama umefika umechelewa.

Kinachochelewesha geti mara nyingi ni ile nusu dakika ya mtu kutafuta tiketi akiwa ameshafika mbele. Kwa hiyo kama mko wawili, mmoja asikae kabisa pale kwenye chuma kinachozunguka. Atembee kwenye foleni, arudi nyuma hatua hamsini, awaambie watu: "Ndugu zangu, tiketi mkononi, mikoba wazi, chupa acha hapa, mwangaza wa simu ongeza." Anapokutana na mwenye tiketi ya VIP aliyesimama foleni ya mzunguko, amwelekeze mapema, kabla hajafika mbele akalazimika kurudi akipishana na mia tatu. Mimi naamini kabisa kwamba mtu huyo mmoja anayetembea ana faida kuliko geti la ziada. Ukipangiwa sehemu ambayo hayupo, mwombe mkuu wako akuruhusu uwe wewe.

Lugha ya kinywani ni sehemu ya kazi. Umati wa kwetu unatulizwa kwa heshima. Mzee mwamkie shikamoo hata kama nyuma yake kuna watu elfu. Sekunde mbili hizo anakurudishia kwa kuwa mtulivu, na vijana walio karibu naye nao wanapoa. Mama mwenye mtoto mwite mama. Kijana aliyevimba mwite kaka au ndugu yangu. Firimbi na kifimbo vinaongeza hasira, na hasira ikiongezeka kwenye eneo lililobana hakuna atakayeidhibiti. Halafu sema ukweli. Kama mashine ya kusoma tiketi imekwama, waambie imekwama, mafundi wanakuja, na kila baada ya dakika chache rudi kuwaambia tena hali ikoje. Watu wanavumilia kusubiri wakijua wanasubiri nini. Usiwaahidi kwamba wataingia wote kama huna uhakika nalo. Ahadi ikivunjika mbele ya watu mia tano hutaweza kuirudisha.

Jifunze pia sentensi kumi za Kifaransa na kumi za Kiarabu, na Kireno ukiweza. Nusu fainali ya CHAN pale Mkapa ilikuwa Madagascar na Sudan, na AFCON itakuwa na timu 24. Kulia, kushoto, tiketi, subiri kidogo, tafadhali rudi nyuma, unaumwa? Hayo yanatosha. Shabiki aliyesafiri kutoka mbali akisikia neno moja la kwao anakuamini, na mtu anayekuamini anafuata maelekezo. Wakongomani wengi watakusalimia kwa Kiswahili wenyewe, na hapo utafurahi.

Sasa kuhusu kufungua na kufunga. Geti la Olembe lilipaswa kuwa wazi na lilifungwa. Kiongozi wa CAF, Patrice Motsepe, alisema hadharani kwamba lilifungwa bila sababu inayoeleweka. Ukisikia hivyo unaweza kudhani jibu ni kufungua kila wakati. Hapana. Hillsborough, Uingereza, Aprili 15, 1989, polisi waliamua kufungua geti la kutokea ili kupunguza msongamano wa nje, watu zaidi ya 2,000 wakaingia na kufuata njia moja iliyowapeleka kwenye jukwaa la katikati lililokuwa limeshajaa. Watu 97 walikufa. Walifungua geti bila kuwapanga watu wa kuwaelekeza kwenye majukwaa ya pembeni yaliyokuwa na nafasi. Uamuzi wa kufungua ni wa mtu anayeona nje na ndani kwa pamoja, na huyo yupo kwenye chumba cha uongozi mbele ya kamera. Kazi yako wewe ni kumpa picha sahihi, haraka, na kutekeleza anachosema. Ukiambiwa fungua, uliza palepale: waelekee wapi, na nani anawapokea huko ndani?

Kwenye milango ya kutokea sina maelezo mengi. Isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Ukifika zamu, nenda ukaiguse kwa mkono wako, uisukume ifunguke, uulize ufunguo anao nani na huyo mtu asimame hapohapo mlangoni. Ukijibiwa kwamba mwenye ufunguo ametoka kidogo, usikubali kuanza kazi mpaka arudi. Watakuona msumbufu. Kubali kuonekana msumbufu.

Watakaokujaribu zaidi ni watu wa nyumbani. Shemeji atapiga simu yupo nje na watoto wawili. Rafiki wa shule atakuomba umpe kitambulisho chako kupitia kwenye uzio, aingie, akurudishie. Kitambulisho kile kina picha yako na namba za maeneo unayoruhusiwa kufika. Ukikitoa umetoa jina lako, na ukikamatwa umefungiwa njia ya mashindano yote yajayo. Waambie ndugu zako wiki moja kabla kwamba siku ya mechi hutapokea simu, na uizime kweli. Kisha kuna mheshimiwa asiye na kitambulisho, mwenye suti na wapambe, anayekuuliza kama unamjua yeye ni nani. Usibishane naye njiani. Mwombe kwa adabu asogee pembeni, "Mheshimiwa, karibu hapa, namwita mkubwa wangu akuhudumie," na foleni iendelee. Akisimama katikati ya njia dakika tano, mamia ya watu nyuma yake wamesimama naye.

Nina neno kwa mabinti. Njooni. Mwanamke hapekuliwi na mwanaume, na mara nyingi wapekuzi wa kike huwa wachache kuliko mashabiki wa kike waliojitokeza. Matokeo yake foleni ya akina mama inakwenda taratibu, na humo ndimo walimo watoto na wajawazito. Kila binti mmoja anayeongezeka pale anapunguza hatari kwa wale wasioweza kujitetea. Kama mna mtoto mdogo kwenye foleni, mwambieni mzazi aandike namba ya simu kwenye kikaratasi na aitie mfukoni mwa mtoto kabla hawajaingia. Kumtafuta mzazi katikati ya watu elfu hamsini ukiwa na mtoto anayelia asiyejua jina la baba yake zaidi ya "baba" ni kazi ya saa nzima. Mwenye kiti cha magurudumu na mwenye magongo asipite kwenye chuma kinachozunguka. Ana lango lake. Ujue lilipo kabla hajafika.

Mwili wako nao uutunze. Kula chakula kizito kabla ya zamu, kwa sababu ukishakaa getini hutatoka. Viatu viwe vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Viatu vipya siku ya mechi ni mateso. Maji yako yawe karibu, na mkubaliane na mwenzako zamu za kwenda msalani mapema, watu wakiwa bado wachache.

Mpira ukiingia dakika ya 75, kazi ya pili inaanza, na wengi wanakuwa wameshalegea. Milango yote ya kutokea inatakiwa iwe wazi na vizuizi vya chuma viwe vimeondolewa njiani kabla ya filimbi ya mwisho. Watu huingia kwa saa tatu au nne lakini hutaka kutoka wote kwa pamoja. Agosti 22, Morocco ilipotutoa robo fainali kwa bao moja, watu walitoka kimya, vichwa chini, wengine wanalia. Umati wenye huzuni unatembea bila kuangalia mbele. Simama mahali penye ngazi na penye kona, waonyeshe njia kwa mkono, wape pole. Usifunge geti lako mpaka uambiwe na chumba cha uongozi, hata kama kwa macho yako umeona wamekwisha. Panga usafiri wa kurudi kabla ya siku yenyewe, na wenzako wa mtaa mmoja, maana mechi ya usiku ikienda dakika za nyongeza na penalti, daladala za Gongo la Mboto hazikusubiri.

Mwisho ni habari ya fedha na maombi. Nafasi nyingi za aina hii ni za kujitolea: unapewa sare, chakula, mafunzo, cheti, na pengine nauli. Uliza kabla ya kusaini unapewa nini, kwa maandishi, na kama una bima ukiumia kazini. Nafasi za malipo hutokea kwenye kampuni za ulinzi na za usimamizi wa matukio zinazopewa zabuni, na huko mkataba usome wote. Nafasi za AFCON zitakapotangazwa, angalia kurasa rasmi za CAF, shirikisho la soka la Tanzania (TFF), wizara inayosimamia michezo, na wenzao wa Kenya na Uganda. Anayekuomba elfu ishirini ya fomu kwenye simu ni tapeli, hata akikutumia barua yenye nembo. Kwenye maombi andika mambo unayoweza kuthibitisha: cheti cha huduma ya kwanza, lugha unazozungumza, mechi za ligi ulizosaidia, kanisa au msikiti ulikopanga watu siku za mikusanyiko mikubwa. Huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu kajifunze mwaka huu, bado kuna muda. Na pale wanapouliza ungependa kupangiwa wapi, andika getini.